Chuma cha Almasi cha Mzee Mutua

Siku hiyo jikoni tulikuwepo watu watano. Mzee Mutua, mkata nyama, alikuwa mlango wa nyuma akipokea mzigo kutoka kwa bucha. Shefu Wanjohi, mkuu wetu, alikuwa kwenye dirisha la kutolea chakula akikagua sahani. Nduku alikuwa kwenye sinki akiosha mboga. Ndugu yangu Isaya alikuwa mahali ambapo hakutumwa. Nami nilikuwa nikimenya karoti, nimewapa wote mgongo, ndiyo maana nilisikia kabla sijaona.

Nitaifikia siku hiyo. Nyinyi mnaobaki jikoni mmeniomba niandike ninachojua kuhusu kunoa visu kabla hakijanitoka kichwani, na siwezi kuandika kuhusu visu nikairuka. Nimestaafu juzi tu. Alfajiri mikono bado inaamka kutafuta aproni, na nikisikia kijiko kimeanguka kwa jirani ninashtuka nikitazama vidole vya watu wasiokuwepo.

Nilizaliwa Vihiga, mimi kifungua mimba, nyuma yangu Beti, kisha Isaya. Baba alitutoka, na kabla hatujamaliza kumlilia mama naye akamfuata. Wajomba walikaa kikao cha kutugawa: Beti aende kwa huyu, Isaya kwa yule. Nikasema hatugawanywi. Sijui sauti ile niliipata wapi, maana nilikuwa darasa la saba na sikuwahi hata kumjibu mwalimu. Wakasema haya, basi walishe wewe. Shule yangu iliishia hapo, na wasiwasi wangu ulianzia hapo. Tangu siku ile kila kitu chenye makali nimekiangalia hivi: nikijikata vibaya, ni nani atawalisha?

Kazi ya kwanza ilikuwa ya nyumba, katika fleti moja Kileleshwa. Mama mwenye nyumba alikuwa na visu vizuri vilivyokuwa butu kama vijiko. Nikavinoa kwenye ngazi ya saruji ya mlango wa nyuma, jinsi tulivyonoa nyumbani kwenye jiwe la mtoni. Vilikata vizuri siku ya kwanza, kisha vikaota meno ya mamba. Mama akaniuliza ni nani ametafuna visu vyake. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, na nilifundishwa na ngazi.

Baadaye nilipata nafasi kwenye jiko la hoteli moja katikati ya jiji. Tulikuwa tumepanga chumba nyuma ya nyumba moja ya zamani Woodley, nami asubuhi niliwaacha Isaya na Beti wakivaa sare za shule. Siku ya kwanza Mzee Mutua alinitazama toka viatuni hadi kitambaa cha kichwa.

"Wewe ni wa wapi?"

"Vihiga, mzee."

"Basi kuku hawako salama hapa."

"Na wewe mzee ni wa wapi?"

"Machakos."

"Basi hata mahindi na maharagwe hayako salama."

Nduku, ambaye ni Mkamba kama yeye na alijua sisi wa Vihiga tunataniwa kwa kuku na wao kwa mahindi na maharagwe, alicheka hadi akaketi kwenye gunia la viazi. Mzee hakucheka, lakini alivuta kigoda chake akanipa nafasi karibu na meza yake, na kwa Mzee hicho kilikuwa kicheko.

Jiko lile lilikuwa na sheria zake kuhusu visu, na ninaziandika hapa kwa sababu nasikia zinaanza kulegea. Kisu hakipewi mtu mkononi. Unakiweka mezani, unaondoa mkono, ndipo mwenzako anakichukua. Kila mtu ana kisu chake chenye uzi wa rangi yake kwenye mpini. Wa Mzee ulikuwa wa buluu, wangu mwekundu. Kisu cha mwenzako hukigusi, wala hukinoi bila kutumwa. Na ukiazima kisu cha mtu, hata kwa dakika ya kukata limau, unadaiwa siku: siku moja nzima utasimama kwenye meza yake ufanye kazi yake, yeye akae. Kwa hiyo hakuna aliyeazima. Nimeona mtu akirarua kuku kwa mikono ili asiombe kisu cha jirani.

Mzee alikuwa na chuma chake cha kunolea. Vile vya hoteli vilikuwa vya kawaida, vyenye mistari, vinaning'inia ukutani kwa kila mtu. Chake kilikuwa cha rangi ya kijivu, kimepakwa unga wa almasi toka ncha hadi shina, na alikiviringisha katika kipande cha blanketi. Aliachiwa na mpishi mmoja wa kigeni aliyeondoka. Nilipokiona mara ya kwanza nilidhani ni tupa.

"Gusa," akaniambia. Nikapitisha ukucha. Ulikwama kama kwenye msasa.

"Kile cha ukutani," akasema, "hakinoi. Kinanyoosha. Makali ya kisu yanalala upande, kile kinayaamsha. Hiki hakinyooshi. Hiki kinakula. Kila ukipitisha, kisu kinapungua. Sasa niambie, utakibonyeza?"

"Hapana, mzee."

"Utakibonyeza. Kila mtu hubonyeza. Mimi nitakuwa hapa nikisikiliza."

Namna ya kunoa aliyonifundisha ndiyo hii, na sijaona iliyo bora. Weka kitambaa kibichi mezani, simamisha chuma wima, ncha yake ikae juu ya kitambaa isiteleze. Wale wa kunoa hewani mbele ya wateja waache wanoe hewani. Vidole ni vyao. Pembe mimi sikuisoma shuleni, kwa hiyo alinionyesha hivi: elekeza makali kwenye chuma, kisu kikiwa kimekaa sawasawa kama rafu ukutani. Inua mgongo wa kisu kukisogelea chuma, nusu ya njia. Inua tena nusu ya iliyobaki. Hapo ndipo mahali pake. Anzia kisiginoni, karibu na mpini, ushuke ukivuta hadi ncha, kisu chote kipite, pasibaki mahali palipokula zaidi ya pengine. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Uzito uwe wa kumpaka mtoto mchanga mafuta. Mipito michache inatosha, na ya mwisho iwe myepesi kuliko ya kwanza. Chuma kikiwa kipya kitakwaruza kwa ukali, usiogope, kitatulia kadiri kinavyotumika. Na usikitumie kila siku. Kila siku tumia cha ukutani. Almasi ni ya siku kisu kinapokataa kabisa kuamka.

Ukimaliza, futa kisu kabla hakijagusa chakula, maana unga wa chuma unabaki juu yake na samaki mweupe atakusema. Chuma chenyewe usikipake mafuta. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa jiwe la kunolea walizoea kulipaka. Mafuta yanashika unga, unga unaziba almasi, na unabaki na fimbo ya kufukuzia paka. Kifute kwa kitambaa kibichi na sabuni kidogo, kikaushe papo hapo, kisha kisugue na raba, ile ya kufutia penseli. Raba inatoa weusi wote. Kwa muda mrefu Isaya alilalamika kwamba shuleni kwao kuna mwizi wa raba. Mwalimu aliita hadi mkutano wa darasa.

Mzee alinifunza pia kusikiliza. Chuma cha kawaida hulia kama kengele ndogo. Almasi hunong'ona, kama mchele ukimiminwa kwenye sufuria. Mnong'ono mfupi na mwepesi, kazi ni njema. Mnong'ono mrefu na mzito, kuna kisu kinaliwa. Tangu hapo masikio yangu hayakuwahi kupumzika. Nilikuwa naweza kukaanga vitunguu, kuzungumza na Nduku, na kumhesabia mtu mipito yake akiwa upande wa pili wa jiko.

Isaya alipomaliza shule alijaribu kazi hii na ile, hakuna iliyomshika. Kuna jamaa alianza kumwambia habari za kusafirishwa nje kwenda kufanya kazi, na kila alipotaja jamaa huyo mimi nilisukuma sahani kando. Nikaenda kwa Shefu Wanjohi nikamwomba amjaribu. Shefu alikuwa mtu wa haki lakini hakuwa mtu wa kurudia maneno.

"Ukileta ndugu, umeleta shingo yako," akasema. "Akianguka, mnatoka wawili. Unaelewa?"

"Ninaelewa, Shefu."

Majaribio yake yalikuwa kama kutembea na yai kinywani. Isaya alikuwa na mikono mizuri na haraka mbaya. Alivunja bakuli la supu. Siku moja alichelewa. Shefu akaniita: "Kosa moja lingine, Rasoa. Ijumaa baada ya chakula cha mchana nitaamua." Sikulala vizuri usiku wowote wa juma lile. Nikamwambia Isaya, "Ijumaa usifanye lolote ambalo hujaambiwa." Akanijibu, "Sista, tulia, mimi niko sawa." Mtu akiniambia nitulie huwa natafuta mahali pa kushika.

Basi Ijumaa ndiyo siku ile ya watu watano. Kulikuwa na mkutano mkubwa ghorofani, na meza ya baridi ilihitaji paja zima la ng'ombe lililochomwa tangu jana likatwe vipande vyembamba. Kazi hiyo ilikuwa ya Mzee na kisu chake kirefu cha uzi wa buluu. Hakuna mtu jijini niliyemwona akikata vile. Kipande ungekiweka juu ya gazeti ukasoma habari.

Nikiwa kwenye karoti nikasikia mnong'ono wa almasi. Nikafikiri, Mzee anajiandaa. Ukaendelea. Nikafikiri, leo Mzee anachukua muda. Ukaendelea, mzito, wa haraka, mahali pamoja. Kisha nikamsikia Mzee akicheka na dereva wa bucha, kule mlango wa nyuma.

Niligeuka. Isaya alikuwa amesimama kwenye meza ya Mzee, chuma hewani mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, anapiga kama wale wakata nyama choma wanavyopigia wateja ngoma. Alikuwa amezoea kile cha ukutani, ambacho ukikipiga hata asubuhi nzima hakuna hasara. Nilitaka kuita, lakini Shefu alikuwa pale dirishani, na kuita kwangu kungekuwa ndiyo kosa lenyewe.

Mzee akaingia akifuta mikono; Shefu bado alikuwa ametupa mgongo pale dirishani. Isaya akaweka kisu mezani, akaondoa mkono. Angalau hilo alilikumbuka.

"Mzee, nimekunolea. Nimeona uko bize na nyama. Saa hii hiyo kisu inakata hata kivuli."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilitaka uipate ikiwa tayari."

Mzee akageukia sinki. "Nduku, nipe jani moja la kitunguu."

Hicho kilikuwa kipimo chake kila siku. Akalikata jani haraka, tak tak tak, akalinyanyua kwa kidole. Halikuachana. Vipande vilining'inia, kimoja kimeshika kingine.

"Wee, hiyo ni kitunguu ama ni mkufu ya bibi harusi?" Nduku akacheka. Kisha akamwona Mzee usoni, akarudi sinki.

Mzee alisimamisha kisu makali chini juu ya ubao, akainama. Mimi sikuhitaji kuinama. Toka nilipokuwa niliona mwanga ukipita chini ya kisu, katikati. Kisigino kinagusa ubao, ncha inagusa ubao, katikati kumeliwa bonde. Kisu kama hicho hakimalizi kukata kitu chochote.

"Mzee!" Shefu akaita. "Nyama ya baridi? Watu wanashuka!"

Mzee alimtazama Isaya, ambaye sasa alikuwa ameelewa. Kisha akanitazama mimi. Sikumwomba chochote. Sijui uso wangu ulimwomba nini.

"Kisu changu kimechoka, Shefu," akasema.

"Kisu kinachoka?"

"Kama mwenyewe." Akanigeukia. "Rasoa, niazime chako."

Nduku alifunga bomba la maji, akageuka kutazama. Mzee Mutua hakuwahi kuazima kisu. Nikakiweka changu mezani, nikaondoa mkono.

Kilikuwa kifupi kwa paja lile. Alilazimika kukata upande huu, kisha azunguke akutane na alipofika, na kila kipande kikawa na ngazi katikati. Shefu akachukua kimoja, akakiinua mbele ya wahudumu wote.

"Mzee, hii ni nyama ama ni ngazi ya kupanda ghorofani? Ama ni miaka?"

"Labda ni miaka, Shefu."

Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni. Nikafungua kinywa. Mzee akaweka kiganja chake bapa juu ya meza, polepole. Jikoni kwetu ishara hiyo ni moja: acha. Nikaacha.

Baada ya chakula Shefu alipita akifuta mikono. "Kijana abaki," akasema. "Yeye anajifunza. Ni Mzee anayeanza kusahau."

Jioni, nje kwenye kreti za soda, Mzee alimpa Isaya kisu akiangalie dhidi ya anga. "Umebonyeza, na umebonyezea mahali pamoja," akamwambia. Hakupandisha sauti. Isaya alilia kama siku tuliyomzika mama. Mzee akatueleza kwamba bonde halitibiwi kwa almasi, kwa sababu fimbo hulifuata bonde na kulichimba zaidi; na kwamba tusithubutu kukipeleka kwenye mashine ya mafundi wa jua kali, wa kando ya barabara, kwani cheche zile ni moto, na kisu kikiungua kinageuka buluu na hakishiki makali tena. Alikirudisha mwenyewe kwenye jiwe pana, kisigino na ncha vikaliwa hadi vikalingana na bonde. Kilipona, lakini kilikuwa kimekonda kama mtu aliyetoka hospitali.

Kesho yake alikuja kwenye meza yangu ya mboga amevaa aproni safi. "Keti," akaniambia. "Nimeazima, ninalipa."

"Mzee, usifanye hivyo. Mbele ya Shefu?"

"Deni ni deni. Vitunguu viko wapi?"

Akamenya vitunguu siku nzima, mzee wa nyama, na mimi nimeketi kama mgeni, matako yananiwaka. Shefu alipita akamwona. Nilijua anachofikiri: kwamba Mzee amekubali mwenyewe. Baada ya hapo alianza kumpa kazi ndogo ndogo. Paja likawa la mtu mwingine, kisha samaki, kisha meza yote. Na meza hiyo nilipewa mimi. Siku ile, katikati ya vitunguu, nilimuuliza kwa sauti ya chini kwa nini alibeba kosa la Isaya.

"Jina langu lilikuwa limekaa tu bila kazi," akasema. "Jana limefanya kazi. Kijana hana hata la kuanzia."

"Sasa mimi nitakulipa nini?"

"Wewe uliazima jina, mimi niliazima kisu. Sheria ni ileile. Unanidai siku? Hunidai, ninailipa sasa. Mimi ninakudai. Siku mikono yangu ikikataa, utakuja kusimama kwenye meza yangu siku moja. Si kabla ya hapo. Na usije bila kuitwa."

Alistaafu mapema kuliko alivyotaka, akarudi kwao Machakos na kisu chake chembamba na chuma chake kwenye kile kipande cha blanketi. Huko ndiye mkata nyama wa kijiji. Pakiwa na harusi, mazishi au kulipa mahari, mbuzi hupita mikononi mwake. Isaya ni mpishi sasa kwenye jiko la shule moja Parklands. Ana watoto wawili na hanoi kitu ambacho hakutumwa. Yeye pia amemwambia Mzee, "Nitakuja nikusaidie," na akajibiwa, "Wewe hudaiwi. Anadaiwa dada yako."

Jambo moja zaidi kuhusu almasi, kisha nitanyamaza. Huchakaa. Unga wake huisha polepole, na hakuna wa kukunolea noleo. Pitisha ukucha mara kwa mara. Siku ukiteleza bila kukwama, nunua kingine. Usidanganyike kuendelea, kwa sababu chuma kilichoisha kinakufanya ubonyeze. Unabonyeza kutafuta ukali ambao haumo tena, na hapo unarudi kwenye kosa lilelile la siku ya kwanza.

Mimi humpigia simu Mzee kila Jumapili baada ya kanisa. Begi langu la visu liko nyuma ya mlango, chuma changu kimesuguliwa raba. Namwuliza, "Mzee, nije?" Naye hujibu, "Bado." Kila akisema bado nashukuru Mungu kwa ajili ya mikono yake, kisha ninakaa juma zima nikiogopa simu itakayosema njoo. Nataka kulipa. Sitaki siku ya kulipa ifike.

Jumapili iliyopita alipokea akiwa kazini. Kulikuwa na watu nyuma yake, mbuzi wa mtu alikuwa anangoja. Simu lazima aliiegemeza mahali, kwa sababu nilisikia almasi ikinong'ona, mpito baada ya mpito. Nikasikiliza. Mnong'ono ulikuwa mrefu. Ulikuwa mzito. Ulikuwa mahali pamoja.

"Mzee," nikasema, "unabonyeza."

Mnong'ono ukakatika.

"Nani amekuambia?"

"Nasikia."

Kisha nikasikia kisu kikiwekwa mezani, taratibu, kama mtu anayekiacha kichukuliwe na mwingine. Nikashika begi.

"Nije, mzee?"

Akapumua. Nikasikia akikichukua tena.

"Bado, Rasoa," akasema. "Bado kidogo."